Kisa cha Sheep Creek: Walikuwa Wakielekea Mahali Salama

Jumamosi tarehe 20 Aprili 2013, yapata saa nne na robo asubuhi, watu sita waliokuwa wakipandisha bonde la Sheep Creek, karibu na Loveland Pass katika jimbo la Colorado nchini Marekani, walikumbwa na poromoko la theluji. Watano walikufa. Mmoja alichimbuliwa akiwa hai. Tangu Januari 1962, theluji ilipokishukia kijiji cha Twin Lakes na kuua watu saba, jimbo hilo lilikuwa halijapoteza watu wengi kiasi hicho katika poromoko moja.

Ajali nyingi za milimani ukizisoma unapata pa kunyooshea kidole: huyu hakusoma taarifa ya hatari ya theluji, yule hakubeba koleo, wale walilewa na jua zuri la asubuhi. Hapa hupati. Hawa sita walikuwa wazoefu wa milima. Taarifa ya siku ile walikuwa wameisoma. Walijua ni tabaka lipi la theluji lenye hatari na limekaa upande gani wa mlima. Walivaa vifaa vya kutafutana, walibeba makoleo. Walijadiliana, wakakubaliana kuukwepa mteremko wa hatari na kwenda kwingine walikoona pana usalama zaidi. Wakafia njiani kuelekea huko kwingine, chini ya mteremko uleule waliokuwa wakiukwepa.

Naandika nikiwafikiria hasa vijana wetu walio Denver, Calgary, Oslo au Munich, ambao wameshauzoea mchezo wa skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu miguuni, ndani ya vituo vyake, na sasa wanaalikwa na marafiki wavuke kamba ya mpaka wa kituo. Ndani ya kituo, kabla wewe hujanywa chai, wafanyakazi wamekwisha kuizungukia milima, wamelipua kwa baruti theluji iliyotaka kuanguka, na wamefunga njia wasizoziamini. Ukivuka kamba, kazi hiyo yote inahamia kichwani mwako. Hakuna lifti: unabandika chini ya skii vitambaa vyenye manyoya, ambavyo wenyewe huviita ngozi, unapanda kwa miguu yako saa mbili au tatu, unazibandua juu, unashuka. Wanaotumia ubao wa theluji wana ubao unaogawanyika mara mbili, ukawa kama skii wakati wa kupanda, kisha unaungwa tena kwa kushukia. Kundi la Sheep Creek lilikuwa na mchanganyiko wa hao wote.

Kwanza tuzungumze majira, maana watu wengi hulipita jambo hili haraka.

Mwezi Aprili, mjini Denver nyasi zimeanza kurudi na watu wamevaa kaptula. Mwendo wa saa moja kwa gari kuelekea magharibi, theluji ya milimani ndiyo kwanza imefikia unene wake mkubwa kuliko wa mwezi mwingine wowote wa mwaka. Wapenzi wa skii huyasubiri majira haya kwa hamu, na wana sababu. Theluji ya masika, ikishapata jua la siku nyingi, huyeyuka mchana na kuganda usiku, ikawa ngumu alfajiri na laini kidogo saa mbili tatu asubuhi. Hapo huteleza vizuri kuliko theluji yoyote, na hapo pia ndipo ilipo imara. Kutokana na hilo imezaliwa kanuni ambayo kila mtu wa milimani anaijua: ondoka kabla ya jua, uwe umeteremka kabla ya adhuhuri, kwa kuwa mchana maji yanapenya ndani na theluji nzito iliyolowa huanza kuporomoka yenyewe.

Kanuni hiyo ni ya kweli na imeokoa watu. Lakini inahusu theluji iliyolowa tu. Mteremko unaotazama kaskazini, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,300, hauoni jua vya kutosha mwezi Aprili. Theluji yake bado ni kavu, bado ni ya baridi kali, bado ina kumbukumbu ya Novemba. Upande wa kusini wa mlima unaweza kuwa umeingia masika wakati upande wa kaskazini wa mlima huohuo bado uko katikati ya kipupwe. Kwa theluji ya namna hii saa haikulindi. Saa nne na robo asubuhi, ambayo kwa kanuni ya masika ni wakati mzuri kabisa, kwa tatizo lililokuwapo Sheep Creek haikuwa na maana yoyote. Ingekuwa saa kumi na moja alfajiri, mambo yangekuwa yaleyale.

Tatizo lenyewe lilianza miezi mingi nyuma. Msimu ule wa 2012 hadi 2013 ulianza vibaya Colorado: theluji ya mwanzo ilikuwa kidogo, ikakaa nyembamba juu ya ardhi kwa muda mrefu. Ardhi chini ya theluji hubaki karibu na nyuzi sifuri hata hewa ya juu ikiwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Theluji ikiwa nene, tofauti hiyo ya joto inagawanyika katika unene mkubwa na haina madhara. Ikiwa nyembamba, mvuke hupanda kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, na njiani huzibadilisha chembe za theluji. Zinakua, zinapata kingo kali, na zinaacha kushikana. Ukiichota mkononi inamwagika kama sukari. Mipira ya theluji watoto hawawezi kuifinyanga kwa theluji ya aina hiyo.

Kisha, msimu ulipokuwa unaelekea ukingoni, dhoruba zikaja. Machi na hasa Aprili zilishusha theluji nyingi, na upepo ukaisukuma na kuipakia kwenye miteremko iliyokingwa. Ikajipanga tabaka juu ya tabaka, ikakazana, ikawa bamba moja gumu. Bamba zito, imara, limelazwa juu ya chembe zisizoshikana. Na hapa kuna jambo linalowachanganya hata wenye uzoefu: kadiri bamba linavyozidi kuwa nene, ndivyo inavyokuwa vigumu kulikata. Unaweza kupita juu yake mara kadhaa, wenzako wakapita, alama za skii zikajaa, na lisisogee. Uzito wa mtu unaishia kwenye unene wa juu, haufiki kwenye tabaka dhaifu. Ila pembezoni na chini ya mteremko, mahali bamba linapopungua unene, uzito uleule mdogo wa mtu mmoja unafika chini. Likivunjika hapo, mpasuko hukimbia chini kwa chini kulifuata tabaka dhaifu, unapanda mlima, unafika juu ambako bamba ni nene, na kule ndiko linakokatika. Ndiyo maana mtu aliye bondeni, kwenye ardhi iliyokaribia tambarare, anaweza kuuangusha mlima ulio juu yake.

Kituo cha Taarifa za Maporomoko ya Theluji cha Colorado, kinachojulikana kwa kifupi CAIC, kilikuwa kikilisema jambo hili wazi. Taarifa ya siku ile iliweka hatari kwenye daraja la 3 katika ngazi ya madaraja 5, na ikataja kwa jina tatizo la mabamba ya kina yaliyolala juu ya tabaka dhaifu, upande wa kaskazini na pande zinazopakana nao. Siku mbili kabla, tarehe 18 Aprili, mtu mmoja wa ubao wa theluji alikuwa ameuawa na poromoko karibu na Vail Pass, chini ya kilomita 50 kwa barabara kuu kutoka hapo.

Daraja la 3 linahitaji maelezo, kwa sababu namba inapotosha. Ukiona tatu kati ya tano unafikiri umesimama katikati, nusu hatari nusu usalama. Sivyo. Ngazi ile haipandi kwa hatua zilizolingana. Kila daraja ni hatari maradufu au zaidi ya lililotangulia. Daraja la 3 maana yake ni kwamba mtu anaweza kabisa kuangusha poromoko kwa uzito wake. Daraja la 4 na la 5 watu hubaki nyumbani. La 1 hakuna shida kubwa. Kwenye la 3 watu bado wanatoka, na ndipo hufa wengi. Tena tatizo la mabamba ya kina halikai vizuri ndani ya namba moja. Uwezekano wa kulikata unaweza kuwa mdogo, lakini likikatika halikuachi. Mtu anayesoma namba peke yake, bila kusoma maneno yaliyo chini yake, hajaisoma taarifa.

Hawa sita walikuwa wameyasoma maneno. Ninasisitiza kwa sababu baada ya ajali watu walisema mengi.

Siku ile kulikuwa na mkusanyiko wa wapenzi wa skii na ubao wa nje ya vituo katika eneo la Loveland Pass. Lengo lake moja lilikuwa kuhimiza usalama, na fedha zilizochangwa zilikusudiwa kuisaidia kazi ya CAIC. Kundi la watu sita likaondoka kwa matembezi mafupi kuingia bonde la Sheep Creek. Si mbali. Barabara kuu ya I-70, inayopitisha malori usiku na mchana, iko jirani kabisa, na kituo cha skii cha Loveland kiko papo hapo. Mahali pakiwa karibu na barabara moyo hutulia, lakini ukaribu huo hauzuii bamba kukatika.

Mpango wao ulikuwa hivi: kuna mteremko unaotazama kaskazini, wenye tatizo lililotajwa na taarifa. Hawakutaka kuupanda wala kuuteleza. Walitaka kufika sehemu nyingine ng'ambo yake. Ili wafike, ilibidi wapite chini ya mteremko ule, karibu na sakafu ya bonde. Walitambua kwamba kipande hicho kina hatari. Wakaamua kukivuka kwa kuachiana nafasi ya futi 50 hivi, yaani mita 15, kati ya mtu na mtu, na kuelekea kwenye shada la miti lililoonekana kama kimbilio.

Wakiwa kwenye kivuko hicho wakahisi theluji ikibonyea chini ya miguu yao, kwa kile kishindo kizito cha chini kwa chini ambacho kila mtu wa milimani anakiogopa, maana ni sauti ya tabaka dhaifu linapovunjika. Wakakimbilia miti. Hawakuwahi.

Bamba lililokatika juu yao lilikuwa na upana wa mita 245 hivi. Lilikatika kwa unene wa wastani wa mita moja na nusu, na mahali penye kina zaidi lilikaribia mita 3.7, yaani urefu wa zaidi ya watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine. Lilishuka kimo cha mita 180 hivi na kuishia kwenye bonde la kijito. Bonde hilo ni jembamba. Poromoko linaposhukia uwanda mpana, theluji husambaa ikawa nyembamba, na aliyefukiwa anaweza kuwa nusu mita tu chini. Likishukia korongo halina pa kwenda, linajilundika. Poromoko lilelile, mahali pengine, lingeweza kuwaacha watu wakiwa wamefukiwa kina cha kuchimbulika.

Sasa turudi kwenye zile mita 15, kwa sababu kwangu hapo ndipo kisa kizima kilipo.

Kuachiana nafasi ni fundisho la msingi katika kila kozi ya usalama wa theluji, na ni fundisho sahihi. Linapunguza uzito unaokaa mahali pamoja, na likitokea la kutokea linampata mmoja, wengine wanabaki kumchimba. Lakini hebu tupige hesabu. Watu sita wakiachiana mita 15, kuna nafasi tano kati yao. Kutoka wa kwanza hadi wa mwisho ni mita 75. Poromoko lilikuwa na upana wa mita 245. Msafara wote, mwanzo hadi mwisho, ungeweza kuingia mara tatu ndani ya upana huo na bado nafasi ikabaki. Kwa hiyo kuachiana nafasi kwa kiwango kile hakukubadili chochote: wote sita walikuwa ndani kwa wakati mmoja. Ili tendo lile liwe na maana iliyokusudiwa, nafasi kati ya mtu na mtu ilipaswa kuwa kivuko chenyewe. Mmoja anavuka kutoka mahali salama hadi mahali salama, watano wamesimama nje kabisa wakimtazama kwa macho yao, akifika anainua mkono, ndipo wa pili anatia mguu. Inachukua muda. Watu sita wanaweza kutumia nusu saa nzima kwa kipande ambacho wangekipita kwa dakika tano. Na hata hivyo, kila mmoja wao angekuwa ameuchukua mzigo wa hatari ile kwa zamu yake.

Ninaona kwamba kosa la aina hii halimpati asiyejua. Asiyejua angepita tu bila kufikiri. Linampata anayejua kanuni, akaitekeleza, na kule kuitekeleza kukampa utulivu ambao kipimo cha kanuni hakikuustahili. Kanuni ilisema achianeni nafasi. Nafasi ikaachwa. Swali la nafasi kiasi gani, kwa mlima wa ukubwa gani, ndilo lililohitaji kuulizwa tena pale pale, macho yakiwa juu kwenye bamba.

Upande wa uokoaji sitakaa sana, kwa kuwa unafuata kutoka hapo. Vifaa vya kutafutana wanavyovaa wapanda milima hutoa mawimbi ya redio ya kilohezi 457, na aliye nje hubadili cha kwake kikawa cha kupokea, akafuata mawimbi hadi juu ya aliyefukiwa. Kisha anachoma fito ndefu kutafuta mwili, kisha anachimba. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika kumi za mwanzo ana nafasi kubwa ya kuishi, karibu watu tisa kati ya kumi. Ikifika nusu saa, wengi wamekwisha kukosa hewa. Maana yake ni kwamba mwokozi wa kweli ni mwenzako aliye pale pale. Waokoaji wa serikali na wa kujitolea, hata wakiwa hodari namna gani, hata barabara kuu ikiwa jirani, hawafiki ndani ya dakika kumi. Na kila kifaa kati ya hivyo kinahitaji mtu mmoja aliyebaki juu. Sheep Creek hakubaki mtu juu.

Yule mmoja aliyeishi naye alifukiwa, lakini sehemu ya mkono wake ilikuwa huru, akaweza kuondoa theluji usoni akapumua. Alikaa amebanwa hivyo kwa saa kadhaa, bila uwezo wa kumsaidia mwenzake yeyote, mpaka waokoaji walipofika. Theluji ya poromoko ikisimama hukaza ghafla. Mtu hawezi kuchomoa hata kidole. Watano wengine walitolewa siku hiyohiyo wakiwa wamekwisha kufariki.

Kuna namna mbili za kukipokea kisa kama hiki, na zote mbili zinanisumbua. Ya kwanza ni ya kuwaita waliokufa wazembe. Nimeonyesha kwa nini si kweli, na ubaya wake mkubwa ni kwamba inamwondoa msomaji ndani ya kisa: mimi si mzembe, basi halinihusu. Ya pili ni ya kwetu zaidi, nayo ni kusema siku zao zilikuwa zimefika. Msibani neno hilo lina kazi yake, linamshika mkono aliyefiwa, na simlaumu anayelisema pale. Lakini tukilileta kwenye uchambuzi linafunga mlango ambao uko wazi. Mteremko ule ulijulikana. Tabaka lile lilijulikana. Kilichobaki ni mstari wa miguu juu ya theluji, na mstari unaweza kuchorwa kwingine.

Husemwa kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Milimani kauli hiyo inahitaji sharti. Watu sita wenye uzoefu wanaweza kuwa jozi sita za macho, au wanaweza kuwa mtu mmoja aliyezidishwa mara sita. Inategemea kama yupo aliyepewa ruhusa ya kusema hapana bila kuulizwa sababu. Kundi kubwa huwa na mwendo wake; mpango ukishakubaliwa na wengi, anayeshuku anaona aibu kuwarudisha watano nyuma kwa sababu ya hisia. Kila mmoja anautazama utulivu wa mwenzake na kuuhesabu kama ushahidi. Na siku ya mkusanyiko, siku ya furaha, watu wametoka mbali kukutana, mwendo huo huwa na nguvu zaidi. Ndiyo maana wakufunzi wengi hupendelea makundi ya watu watatu au wanne, na kwamba kabla ya kuondoka kila mmoja aseme kwa sauti ni kitu gani kikionekana yeye atageuka. Akilisema mapema, baadaye halionekani kuwa woga.

Njia nyingine zilikuwapo? Kwa siku kama ile, zilikuwapo. Kuna kuubadili mpango wote na kuchagua mahali ambapo hakuna mteremko wa zaidi ya nyuzi 30 wala juu yako wala chini yako. Mabamba hukatika zaidi kati ya nyuzi 30 na 45, na miteremko ya nyuzi 25 inatelezeka vizuri na inafurahisha. Kuna kupita mbali na guu la mteremko, kadiri bonde linavyoruhusu, hata kama njia ni ndefu na ina vichaka vya kuudhi. Na kama bonde ni jembamba kiasi kwamba hakuna ng'ambo isiyofikiwa na theluji, basi bonde lile si njia ya siku ile, na mahali pazuri pale mwisho pangesubiri. CAIC walipochambua ajali hii walifika kwenye hoja iliyo jirani na hiyo: kundi lililenga kuukwepa mteremko wa hatari, ila halikuupa nafasi ya kutosha.

Ningependa kila anayejifunza mchezo huu apelekwe uwanjani na kuonyeshwa nafasi ya kutosha inafananaje, kwa sababu ramani za siku hizi hazimsaidii sana hapo. Ramani za simu hupaka rangi miteremko yote iliyozidi nyuzi 30, ya njano, ya machungwa, nyekundu. Ni msaada mkubwa, nami sitoki bila hiyo. Lakini rangi zile zinaonyesha mahali theluji inapokatikia tu. Zinakoishia, ramani inakuwa nyeupe, na jicho linasoma weupe kama ruhusa. Ramani ya namna hiyo ikifunguliwa kwenye bonde kama la Sheep Creek huujaza rangi mteremko wa juu na kuiacha sakafu ya bonde nyeupe.

Kuna kipimo cha zamani kinachojaza weupe huo. Simama unapokusudia kupita, tazama juu kabisa mahali bamba linapoweza kukatika, na upime pembe ya mstari huo wa jicho kutoka usawa wa ardhi. Simu nyingi zina programu ya kupimia pembe, na dira nyingi za wapanda milima zina kipimo hicho ndani. Mwaka wenye mabamba ya kina, katika milima ya Colorado, poromoko kubwa linaweza kufika hadi mahali ambapo pembe hiyo imepungua na kukaribia nyuzi 20, na mara nyingine chini ya hapo. Ukisoma nyuzi 28, uko ndani, hata kama ulipokanyaga ni tambarare. Ukisoma 24, bado uko ndani. Unarudi nyuma, unapima tena, unaendelea kurudi hadi namba ikubali. Mara nyingi kwenye mabonde membamba utagundua kwamba umeparamia mteremko wa ng'ambo na namba bado haijakubali.